Kujifunza Nyumbani kwa Kazi za Kila Siku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi wa Watoto wa Shule ya Msingi

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mara wazazi na walezi wanapoketi kuzungumza juu ya watoto wao na shule. Yanaanza na mambo ya jumla na kuishia na hali za pekee. Si lazima uyasome yote kwa mfululizo. Pale jibu moja linapogusa jingine, utaona namba ya swali la kwenda kutazama.

## Mambo ya msingi

1. Kujifunza kwa kazi za kila siku maana yake nini hasa?

Si kuigeuza nyumba kuwa darasa la pili. Ni kumwachia mtoto sehemu ya kufikiri katika kazi ambazo zingefanyika tu, uwepo mtihani usiwepo: kupika, kufua, kupanga vyombo, kwenda dukani, kusubiri usafiri.

Ukimwambia mtoto, "Leta sahani sita," umempa kazi ya miguu. Ukimwambia, "Leo tunakula sote, na shangazi anakuja na wanawe wawili, leta sahani za kutosha," umempa kazi ya kichwa. Atahesabu kwa vidole, atamsahau mtu (mara nyingi hujisahau mwenyewe), atarudi kuchukua nyingine. Safari hiyo ya pili ndiyo somo lenyewe. Anayewahi kumwambia "imepungua moja" amemnyang'anya.

2. Mimi si mwalimu. Nitajuaje la kumfundisha?

Huhitaji kufundisha. Mwalimu ana watoto wengi na dakika chache, wewe una mtoto mmoja au watatu, na una kitu ambacho darasani ni adimu: vitu halisi vyenye sababu halisi ya kuhesabiwa, kupimwa na kusomwa.

Maswali matatu yatakufikisha mbali: "Unadhani itakuwaje?", "Umejuaje?" na "Kuna njia nyingine?" La katikati ndilo lenye uzito. Liulize hata mtoto anapopata jibu sahihi. Ukiliuliza akikosea tu, baada ya wiki moja atakuwa ameshaelewa kuwa "umejuaje" ni namna ya adabu ya kumwambia "umekosea", na atabadilisha jibu bila kufikiri.

Halafu nyamaza. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe, miaka ya 1970, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde 1 tu. Walipozoea kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka na watoto waliokuwa kimya walianza kusema. Nyumbani tuna haraka kuliko hao walimu. Hesabu moja, mbili, tatu, nne kimoyomoyo kabla ya kufungua tena kinywa.

3. Kwa siku itumike dakika ngapi?

Kumi hadi kumi na tano za makusudi zinatosha kwa siku ya shule, tena si lazima zifuatane. Dakika 10 kila siku zina faida kuliko saa nzima ya Jumapili. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, alionyesha jinsi tunavyosahau kwa kasi siku za mwanzo, na kwamba marudio yaliyoachiwa nafasi hudumu kuliko yaliyorundikwa pamoja.

4. Mtoto wa darasa la kwanza na wa darasa la sita wanafanya mambo yale yale?

Kazi inaweza kuwa ile ile, swali ndilo hubadilika. Katika kufua, mdogo anatafuta jozi za soksi na kuzihesabu mbili mbili. Wa katikati anakadiria ndoo ngapi zitahitajika na kuangalia kama alikisia sawa. Mkubwa anasoma lebo ya sabuni, anapima mililita, na kukokotoa chupa moja itafikisha siku ngapi.

Kuna jambo moja huwashtua wazazi wa watoto wadogo. Jaza maji sawa kwenye vikombe viwili vipana vinavyofanana, kisha mbele ya macho yake mimina ya kimoja kwenye bilauri nyembamba, na umuulize penye maji mengi. Mtoto wa miaka 5 huenda akashikilia kuwa bilauri ina mengi zaidi kwa kuwa maji yamepanda juu. Hana upungufu wowote. Mwanasaikolojia Jean Piaget alilieleza jambo hili zamani: watoto wengi huanza kukubali kwamba kiasi hakibadiliki kwa kubadilisha chombo wanapokaribia miaka 7. Kumbishia hakusaidii. Mwache amimine na kurudisha, amimine na kurudisha.

5. Nimpe zawadi akifanya vizuri?

Kwa jambo analolipenda tayari, usimpe. Mwaka 1973 watafiti Lepper, Greene na Nisbett waliwaahidi baadhi ya watoto waliopenda kuchora kwamba wangepata tuzo wakichora. Baadaye, tuzo ilipokwisha, watoto hao walichora kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa chochote. Kuchora kulikuwa kumegeuka kibarua.

Sifa nayo iwe juu ya alichokifanya. "Umerudia kupima mara ya pili, ndiyo maana umegundua kosa" inampa kitu cha kurudia kesho. "Una akili sana" haimpi kitu, isipokuwa hofu ya kuonekana hana akili siku atakapokosea.

## Hesabu

6. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kumi. Mtoto ambaye anajua bila kuhesabu kwamba 7 inataka 3 ili ifike 10, na 6 inataka 4, amepata ufunguo wa kujumlisha na kutoa kwote kunakofuata. Akikutana na 8 + 5, atachukua 2 kutoka kwenye 5, atafika 10, atabakiwa na 3. Kumi na tatu.

Mchezo wake ni rahisi: vifungo 10 mezani, mtoto afumbe macho, wewe ufiche kadhaa chini ya kikombe. Akifumbua, anaona 4. Vilivyofichwa ni vingapi? Kisha mbadilishane. Akuulize wewe, na mara moja moja ukosee kwa makusudi. Hakuna furaha inayozidi ya mtoto anayemkosoa mzazi.

Baada ya hapo nenda kwenye makumi na mamoja. Kiswahili kinatusaidia hapa: "kumi na moja", "kumi na mbili" zinajieleza zenyewe. Kinatuacha njiani kwenye ishirini, thelathini, arobaini, majina ambayo hayaonyeshi makumi yaliyomo. Kwa hiyo uliza mara kwa mara: "Arobaini ni makumi mangapi?" Mtoto anayeweza kuhesabu hadi mia kama wimbo huenda akakwama kabisa kwenye swali hilo, na ni afadhali ukwamo huo uonekane sasa kuliko atakapofika kwenye kutoa kwa kukopa.

7. Bado anahesabu kwa vidole. Nimkataze?

Hapana. Vidole ni ngazi. Ataviacha mwenyewe jozi za kumi zikikaa (swali la 6). Ukimkataza atahesabu kwa kuvificha chini ya meza.

8. Jedwali la kuzidisha haliingii kichwani. Nifanyeje?

Kwanza punguza mzigo, na umwonyeshe kwamba umeupunguza. Jedwali la 1 hadi 10 lina majibu 100. Lakini 3 × 7 na 7 × 3 ni kitu kimoja, kwa hiyo yanabaki 55. Toa yote yenye 1, 2, 5 na 10, ambayo watoto wengi huyashika mapema. Yanabaki 21. Ishirini na moja tu! Yaandike kwenye vikaratasi, umpe mtoto avishike mkononi aone udogo wa rundo.

Pili, ayaone kabla ya kuyakariri. Trei ya mayai yenye safu 5 za mayai 6 ni 5 × 6. Igeuze, sasa ni 6 × 5, na hakuna yai lililoongezeka. Vigae vya sakafuni, vidirisha vya vioo, viti vilivyopangwa kwa mistari, vyote ni jedwali.

Tatu, mawili au matatu kwa siku, kwa kuulizwa wala si kwa kusomeshwa. Kutazama jibu na kulitafuta kichwani ni kazi mbili tofauti, na hiyo ya pili ndiyo inayojenga kumbukumbu. Bandika 7 × 8 mlangoni: anayepita analipa 56. Wiki ijayo badilisha. Watu wazima nao walipe. Wengine watapata shida, na mtoto atafurahi sana.

9. Sehemu na desimali zinamchanganya. Nyumbani kuna nini cha kumsaidia?

Kosa la kawaida la sehemu ni kuamini kuwa robo ni kubwa kuliko theluthi kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3. Kulikosoa kwa maneno ni kupoteza pumzi. Chukua mkate au karatasi mbili zilizo sawa, moja igawanywe kwa watu 3, nyingine kwa watu 4, kisha muulize angependa kipande kipi. Mwenye njaa hakosei. Baada ya hapo ndipo umwandikie 1/3 na 1/4, aseme mwenyewe kwa nini namba ya chini ikikua kipande kinapungua.

Kosa la desimali linafanana na hilo: anadhani 1.35 ni kubwa kuliko 1.4 kwa kuwa ina tarakimu nyingi. Futi kamba inalimaliza. Pimeni urefu wa watu wa nyumbani kwa mita, muandike, mpange kutoka mfupi hadi mrefu. Mtu wa mita 1.4 atasimama pembeni ya mtu wa mita 1.35 na ubishi utakwisha. Usisahau kumwambia kwamba 1.4 ni sentimita 140. Huo ndio upande ambao daftari huwa halimwonyeshi.

10. Anasoma saa vizuri shuleni, lakini nikimwambia "saa mbili" anachanganyikiwa.

Ana haki ya kuchanganyikiwa. Sisi husema saa mbili mshale mfupi ukiwa kwenye 8. Tunaanza kuhesabu mchana jua linapochomoza na usiku linapozama, ilhali uso wa saa umeanzia usiku wa manane na adhuhuri.

Kwenye saa ya mishale kuna njia ya mkato: atazame namba iliyo mkabala kabisa na mshale mfupi. Mshale uko kwenye 7, mkabala kuna 1, ni saa moja. Uko kwenye 12, mkabala kuna 6, ni saa sita. Inafanya kazi saa zote, kwa kuwa tofauti ni saa 6, nusu ya mzunguko. Dakika hazibadiliki. Kwenye simu inayoandika 15:20, aondoe 6: saa tisa na dakika ishirini. Ikiwa ni 19:30, akiondoa 6 anapata 13, anaondoa 12 tena, ni saa moja na nusu usiku.

Akishaijua hiyo, mpe kazi ya kweli ya muda: "Tunatakiwa kutoka saa mbili kasorobo. Unahitaji kuamka saa ngapi?" Ahesabu kurudi nyuma. Akikosea, aone matokeo siku ambayo kuchelewa hakuna madhara.

11. Ninaogopa kumpa pesa. Nitamfundishaje hesabu za dukani?

Pesa inaweza kubaki mfukoni mwako. Mwombe akadirie jumla kabla haijatajwa, aseme ni noti zipi zitatosha, na chenji itakuwa ngapi. Chenji ahesabu kwa kupanda, si kwa kutoa: kama bei ni 65 na umetoa 100, kutoka 65 hadi 70 ni 5, kutoka 70 hadi 100 ni 30, jumla 35. Hivyo ndivyo wauzaji wengi hufanya kichwani, na makosa ni machache.

Akishazoea, mpe kiasi kidogo na orodha fupi yenye kitu kimoja kisichotoshea. Kuamua kipi kiachwe ni hesabu ngumu kuliko kujumlisha.

12. Michezo ya karata na ludo inasaidia kweli, au ni kupoteza muda?

Inasaidia, kwa sharti moja: mtoto aitaje namba anayopita. Robert Siegler na Geetha Ramani waliwachezesha watoto wadogo mchezo wa ubao wenye visanduku vya 1 hadi 10 vilivyofuatana kwenye mstari, kwa vipindi vichache vya dakika 15. Waliocheza kwenye namba waliimarika katika kulinganisha na kupanga namba. Waliocheza mchezo ule ule kwa rangi badala ya namba hawakupata faida hiyo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2008.

Kwa hiyo chora ubao wako kwenye kadibodi. Aliye kwenye 34 akipata 4, asihesabu "moja, mbili, tatu, nne" bali "35, 36, 37, 38". Na muachieni mtoto awe mwandika matokeo.

## Kusoma, kuandika na lugha

13. Anasoma kwa sauti bila kukwama, lakini ukimuuliza amesoma nini hajui.

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, na kwa sehemu chanzo chake ni lugha yenyewe. Tahajia ya Kiswahili ni nyofu: irabu tano, kila moja na sauti yake, herufi karibu zote zinatamkwa jinsi zilivyoandikwa. Mtoto akishajua silabi anaweza kusoma neno lolote, hata asilolijua. Masikio yetu yanadanganyika; tunasikia usomaji kumbe ni utamkaji.

Dawa yake ni mazungumzo, tena si yale ya "nani alikwenda wapi" peke yake. Baada ya ukurasa mmoja afunge kitabu na akusimulie kwa maneno yake. Kisha swali lisilo na jibu kwenye ukurasa: "Kwa nini alidanganya?" "Wewe ungefanyaje?" "Unadhani kitafuata nini?" Akitaja neno la kitabuni neno kwa neno, muulize lina maana gani. Utashangaa ni mangapi aliyapita kama mawe njiani.

Kusoma kusiwe kwa vitabu tu. Mpe kazi zinazodai ufahamu ili zifanyike: akusomee maelekezo ya kupika huku wewe ukifuata kile alichosoma tu. Akiruka mstari, chungu kitasema. Lebo ya dawa msome pamoja, lakini kipimo kiamuliwe na mtu mzima siku zote.

Usimkatize kila kosa. Likibadilisha maana, subiri amalize sentensi umuulize, "Hiyo imekaa sawa?" Lisipobadilisha, liache lipite.

14. Mtoto wangu wa darasa la kwanza bado hajui kusoma. Nimsomee tu?

Msomee kila siku, na mcheze na sauti. Apige makofi kwa silabi: wa-to-to, makofi matatu; m-tu, mawili, na hapo watoto wengi hupiga moja kwa kuwa m haina irabu. Mtafute vitu vinavyoanza kwa sauti ya "ba". Mlinganishe ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe. Akitamka herufi, atamke sauti yake, isiwe jina lake. Usiache kumsomea hata akijua kusoma. Hadithi anazozielewa kwa kusikiliza huwa nzito kuliko anazozimudu mwenyewe, na huko ndiko maneno mapya yanakotoka.

15. Hapendi kuandika kabisa.

Huenda hajawahi kuandika kitu ambacho mtu alikihitaji. Awe mwandishi wa orodha ya dukani, aandike ujumbe kwa bibi, aweke kikaratasi mlangoni cha kuwakataza wadogo zake wasiingie. Mwandiko na tahajia ya orodha usivikosoe siku hiyo. Kama neno halisomeki dukani, msomaji atamrudia mwenyewe kumuuliza.

16. Shuleni wanatumia lugha tofauti na ya nyumbani. Nianze kuzungumza naye hiyo ya shule?

Zungumza naye lugha unayoimudu vizuri zaidi. Hii ni hoja ambayo Jim Cummins aliitetea tangu mwaka 1979: uelewa unaojengwa katika lugha ya kwanza huhamia katika ya pili. Mtoto aliyeelewa nini maana ya mvuke, kugawana sawa au sababu na matokeo kwa Kiswahili anahitaji tu jina jipya la kitu anachokijua. Aliyesemeshwa kwa lugha ambayo mzazi mwenyewe anaibabaisha hupata sentensi fupi za kuamrisha, "njoo, kaa, kula," na kukosa mazungumzo marefu.

Akija na neno la shule, mliweke pamoja na la nyumbani. Yote mawili ni mali yake.

## Sayansi

17. Majaribio gani yanawezekana bila vifaa?

Mengi, na karibu yote yako jikoni na uani. Tundika vitambaa viwili vilivyo sawa, vilivyolowa sawa, kimoja kimekunjuliwa na kingine kimekunjwa. Kipi kitakauka kwanza, na kwa nini? Siku nyingine vyote vikunjuliwe, kimoja juani, kingine kivulini. Kanuni ya kumsisitizia ni moja: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukikunjua kimoja juani na kukunja kingine kivulini, hutajua ni jua au ni mkunjo. Mtoto anayeikamata kanuni hiyo amepata kiini cha sayansi ya shule ya msingi.

Otesha mbegu za maharage kwenye pamba yenye unyevu, ndani ya chupa ang'avu. Mzizi hutangulia kutoka, na huelekea chini hata ukiilaza chupa ubavu. Mwambie ailaze ajionee. Au yeyusha chumvi kwenye maji, uyaache kwenye sahani bapa siku kadhaa: maji yanakwenda, chumvi inabaki. Kivuli cha kijiti kilichosimikwa kipimwe asubuhi, adhuhuri na jioni, na kabla ya kupima mtegee kitendawili cha yule anayenifuata kila niendako lakini gizani hanifuati.

Tahadhari chache zisizo na mjadala: moto na maji ya moto ni kazi ya mtu mzima, kemikali za usafi zisichanganywe kamwe, na mbegu ndogo zihesabiwe kabla na baada, kwa sababu pua za watoto wadogo zina historia yake.

18. Akiniuliza kitu nisichokijua?

Sema hujui. Kisha, "Tutajuaje?" Kuna maswali ya kuangalia kitabuni, ya kumuuliza mtu, na ya kujaribu wenyewe; kutofautisha hayo matatu ni somo tosha. Yaandike yasiyojibiwa, mtoto ayapeleke kwa mwalimu.

## Kazi za shule na ratiba

19. Kazi ya nyumbani aliyopewa shuleni nimsaidie kiasi gani?

Kiasi cha kumwezesha kuanza, basi. Asome swali, akuambie kwa maneno yake linataka nini. Nusu ya matatizo huisha hapo. Penseli isitoke mkononi mwake. Akishindwa baada ya kujaribu kweli, mwalimu anapaswa kuuona ushinde huo, si mwandiko wako.

Na kama hesabu zinakutia hofu, usimrithishe. Utafiti wa Erin Maloney na wenzake wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watoto wa wazazi wenye hofu ya hesabu walijifunza hesabu kidogo kuliko wenzao mwaka ule, lakini pale tu wazazi hao walipowasaidia mara kwa mara kazi za shule. Badala ya kukaa juu ya daftari huku jasho likikutoka, cheza naye michezo ya swali la 6 na la 12. Na lile neno "hata mimi hesabu zilinishinda" lisitoke kinywani.

20. Mwalimu anatumia njia ambayo sisi hatukufundishwa. Nifuate ipi?

Ya mwalimu, hadi mtoto aimudu. Mwombe akufundishe wewe; akiweza kukueleza, ameielewa. Yako mwonyeshe baadaye, kama njia ya pili ya kuhakiki jibu.

21. Programu za simu je?

Zipo nzuri za kurudia jedwali au silabi. Kipimo changu ni hiki: je, baada ya kuzima simu mtoto ana jambo la kusimulia? Kama hana, ilikuwa burudani, na burudani iitwe hivyo.

22. Nimwache akeshe akijisomea wakati wa mitihani?

Hapana. Chama cha Marekani cha Tiba ya Usingizi mwaka 2016 kilipendekeza saa 9 hadi 12 za kulala kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, na Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku kwa wenye miaka 5 hadi 17. Anayesinzia darasani hajafidia chochote.

## Hali za pekee

23. Mimi mwenyewe sijui kusoma. Naweza kumsaidia?

Ndiyo, na zaidi ya unavyodhani. Simulia hadithi, tega vitendawili, mpe kazi za kukadiria na kupima, muulize "umejuaje". Jioni akusomee, kisha akueleze. Huhitaji kuona maandishi ili kutambua kwamba maelezo yake hayana mantiki. Mwambie wazi kwamba unamtegemea akusomee ujumbe na risiti. Watoto hupenda kuhitajika.

24. Narudi usiku, nimechoka.

Tumia dakika zilizopo tayari: za kuvaa, za njiani, za kuoga. Swali moja unapotoka asubuhi ("Hadi jioni, nitafutie vitu vitano vyenye umbo la duara na uniambie kipi kikubwa"), jibu lake usiku. Anayebaki naye mchana apewe maswali matatu ya swali la 2.

25. Nina watoto wanne wa rika tofauti.

Mkubwa amfundishe mdogo, kwa zamu na bila kumfanya yaya wa kudumu. Kueleza humlazimisha kuelewa. Mwonye tu asitoe majibu. Wakubwa wana haraka kutuzidi.

26. Kila nikileta mchezo wa kujifunza anakimbia.

Amenusa mtego. Acha kwa wiki moja, usiulize chochote. Kisha fanya kazi yako kwa sauti: "Hapa ninahitaji vikombe vitatu, nina viwili na nusu..." na usimtazame. Mtoto akijiunga mwenyewe, mpokee bila kushangilia.

27. Kumpa kazi za ndani si kumtumikisha?

Kazi inayolingana na umri, fupi, inayofanywa na wavulana kwa wasichana, na isiyogusa muda wa shule, kucheza wala kulala, ni malezi. Ikianza kula mojawapo kati ya hivyo, ipunguze, hata kama ina hesabu ndani yake.

28. Nitajuaje kama ana tatizo linalohitaji mtaalamu?

Anza na macho na masikio. Yapimwe kabla ya kumwita mtoto mzembe. Kuchanganya b na d ni kawaida hadi miaka 7 au 8, peke yake si dalili. Katika lugha yenye tahajia nyofu kama yetu, disleksia (ugumu wa kudumu wa kusoma) mara nyingi huonekana katika mwendo zaidi ya makosa: mtoto anasoma sahihi, ila kwa polepole na kwa jasho, miaka ikipita bila kuongeza kasi. Upande wa hesabu, angalia yule wa darasa la tatu au la nne ambaye bado hawezi kusema kati ya 6 na 9 ipi kubwa bila kuhesabu.

Andika unachokiona kwa wiki chache, pamoja na mifano na tarehe, umpelekee mwalimu wa darasa na kuomba tathmini. Shughuli za ukurasa huu hazichukui nafasi ya tathmini hiyo, ila ziendelee wakati mnaisubiri.

29. Anaandika kwa mkono wa kushoto. Nimbadilishe?

Usimbadilishe. Karatasi iinamishwe kidogo, upande wa juu uelekee kulia, na penseli aishike juu kidogo ya ncha ili aone anachoandika. Mezani akae upande wa kushoto wa anayetumia mkono wa kulia, viwiko visigongane.